Utakuja na Nani Krismasi?

Ikifika wiki ya pili ya Desemba, magunia na ndoo za plastiki huanza kupangwa kando ya barabara ya Naivasha, mtaani Kawangware, Nairobi. Ndani mna unga wa ngano, mafuta ya kupikia, sukari, blanketi la nyanya na viatu vya mtoto wa kaka. Kule Kibera mizigo ya aina hiyohiyo huvushwa reli kwa mabega, ikapandishwa matatu, ikaenda kungoja basi la usiku la kuelekea Kisumu, Kakamega, Busia au Kisii. Nauli imepanda. Kila mtu analalamika na kila mtu analipa.

Mwenye mzigo mara nyingi ni mwanamke, na si ajabu akawa ndiye mwenye mshahara wa uhakika kuliko wote nyumbani kwao. Ana miaka thelathini na kitu. Karo ya kitinda mimba imetoka mfukoni mwake, na mabati ya nyumba ya mama pia. Lakini kabla hajakata tikiti, simu imeshalia na swali limeshaulizwa: utakuja na nani?

Mama halianzi swali hilo moja kwa moja. Huanza na mvua, akaja kwa ng'ombe, akapita kwa jirani aliyelazwa, kisha akataja, kama aliyekumbuka tu, kwamba yule msichana mliyesoma naye darasa la nane amejifungua mtoto wa tatu. Shangazi hana subira hiyo. Waluo humwita waya, Waluhya senje, Wakikuyu tata. Kwa jina lolote, ana ruhusa ya kusema yale ambayo mama anayameza.

"Mwanangu, unangoja malaika?"

"Senje, akipatikana nitawaambia."

"Akipatikana? Kwani amepotea?"

Mazungumzo haya yamechezwa mara nyingi mno katika vyumba vya mabati vya Gatwekera na Lindi kule Kibera, na vya Gatina na Kabiro kule Kawangware, hivi kwamba wasichana wenyewe huyaigiza kwa sauti ya shangazi wakicheka. Kicheko hakiwazuii kulala macho usiku wa kuamkia safari.

Wageni huzoea kuiona mitaa hii miwili kama makao ya shida tu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra, idadi iliyo mbali kabisa na ile milioni moja iliyorudiwarudiwa miaka mingi na kila aliyetaka kuombea Kibera msaada. Kaunti ndogo ya Dagoretti, ambamo Kawangware imo, ilikuwa na watu 434,208. Kati ya watu hao wamo walimu wa shule za kibinafsi za karo nafuu, wauguzi, makarani, mawakala wa M-Pesa, wasusi wenye saluni zao, na watangazaji, maana Kibera ina redio yake, Pamoja FM, tangu 2007. Wamo pia wasichana wanaotembea kila asubuhi kutoka Kawangware hadi Lavington, mwendo wa dakika chache tu kutoka tope hadi lami safi, kwenda kukaa nyuma ya meza za ofisi.

Wengi wao wangeweza kulipa kodi ya juu zaidi kidogo. Wanabaki kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi kwa sababu ya hesabu: shilingi inayookolewa kwenye kodi tayari ina mwenyewe mashambani. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, pesa ziliacha kungoja binamu anayesafiri au dereva wa basi anayeaminika. Zikaanza kufika kwa dakika moja, na maombi nayo yakaanza kuja kwa dakika moja. Binti mwenye kazi yake akawa benki ya ukoo, benki isiyofungwa Jumapili.

Hapo ndipo penye fundo la jambo hili, na ni fundo ambalo halizungumzwi sana kwenye vikao vya familia. Nyumbani wanataka aolewe. Nyumbani pia wanajua kwamba akiolewa, mshahara wake utahamia boma jingine, au utagawanywa. Mama anasali apate mume. Ndugu yake aliye kidato cha tatu anasali, kimoyomoyo, mume huyo achelewe mpaka mtihani uishe. Baba hunyamaza. Msichana anavutwa na kamba mbili, na zote mbili zimeshikwa na watu wanaompenda.

Halafu kuna kalenda. Takwimu za afya na idadi ya watu za mwaka 2014 zilionyesha kwamba nusu ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 25 hadi 49 walikuwa wameshaolewa walipofika miaka 20.2; kwa wanaume wa miaka 30 hadi 54, kiwango hicho kilikuwa miaka 25.3. Mama aliyeolewa akiwa na miaka 18 humtazama binti yake wa miaka 32 na kuona gari lililoondoka stendi zamani. Ila mama huyohuyo ndiye aliyesema, miaka yote ya shule, "Soma kwanza, wavulana wapo tu." Binti akasoma. Alimaliza sekondari na miaka 18 au 19, akaingia chuo kwa mkopo wa elimu wa HELB, akatoka na miaka 23 au 24, akazunguka na bahasha ya vyeti miaka miwili, akapata kibarua, kisha ajira, kisha akaanza kulipa mkopo. Amri ya kutowatazama wavulana ilikaa miaka ishirini. Amri ya kumleta mmoja nyumbani ilikuja ghafla, kama umeme uliorudi usiku, na hakuna aliyemweleza lini hasa alipaswa kugeuka.

Nchi nzima imebadilika pamoja naye. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alitarajiwa kuzaa watoto wanane kwa wastani. Mwaka 2022 wastani huo ulikuwa 3.4. Uzazi umepungua kwa zaidi ya nusu ndani ya maisha ya nyanya mmoja, na nyanya huyo bado yuko, anauliza.

Baadhi ya wazee husema mambo haya yameletwa na Nairobi, na Nairobi yenyewe ni ya juzi. Kwa kweli mwanamke anayejitegemea mjini ana umri karibu sawa na mji. Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la Mwingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na Makina hadi leo ndiko moyo wa jamii hiyo. Katika miaka hiyohiyo, kule Pangani na baadaye Pumwani, wanawake waliokuja mjini peke yao, wengine wakikimbia ndoa na wengine wakikimbia njaa, walijenga nyumba za udongo na kuzipangisha. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu yao, kilichotoka 1990. Wengi walipata mtaji kwa biashara ya ngono, wengine kwa pombe na chakula, na serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwatazama kwa jicho la uadui huku ikitegemea nyumba zao kuwalaza wafanyakazi wake. Hawakuwa malaika wala mashetani. Walikuwa wenye nyumba, na wapo wanawake wa mjini wa enzi hizo waliotuma pesa mashambani kununua mifugo ya baba zao. Mtiririko wa pesa ni uleule, njia tu imebadilika.

Wala mila zenyewe hazikuwa na jibu moja. Wakamba wana iweto, Wanandi na Wakuria na Wakisii wana desturi zinazofanana nayo: mwanamke mwenye mali lakini asiye na mtoto wa kurithi humlipia mahari mwanamke mwingine, na watoto wanaozaliwa huwa wa boma lake. Jambo hilo halihusu mapenzi kati ya wanawake hao wawili. Linahusu jina na ardhi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, katika kesi ya urithi ya Katam, iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi na kumpa haki mke aliyeachwa na mwanamke marehemu. Ukimsikia mtu akisema kwamba Mwafrika hamjui mwanamke bila mume, mkumbushe iweto.

Kinachowatisha wazazi hasa, ukikaa nao jioni mpaka chai ya pili, ni kaburi.

Kwa mila ya Waluo, kijana wa kiume akikua hujenga simba, nyumba yake mwenyewe, ndani ya boma la baba. Binti hajengewi; zamani wasichana walilala siwindhe, nyumba ya nyanya, wakingoja kwenda kwao, na kwao maana yake ni kwa mume. Mwanamke aliyekufa kabla ya kuolewa hakuzikwa ndani ya ua. Alizikwa nje, karibu na ukingo wa boma, na desturi za baadhi ya koo za Waluhya hazitofautiani sana na hiyo. Kwa hiyo mama anapomwambia mwalimu wa Kibera mwenye miaka 35, "Mwanangu, nataka nikuone ukiwa na kwako," anasema jambo la ardhi zaidi ya jambo la moyo. Anaona udongo na kuuliza upi utampokea mwanawe. Desemba ikifika, swali hilo huonekana kwa macho: aliyenunua mabati ya nyumba analala sebuleni na watoto, au kwa nyanya, au anakodi chumba cha wageni mjini akidai kwamba ana kazi ya kumalizia kwenye kompyuta.

Kwa Wakikuyu mambo yamepangwa kwa namna nyingine lakini hesabu ni moja. Familia ya kijana huja kupanda ithigi, yaani matawi ya ishara kwamba msichana ameposwa, kisha huja ruracio, mahari yenyewe, na mwishowe ngurario. Kila hatua ina wazee, mbuzi, suti na picha. Binti asiyeolewa anazinyima koo mbili sherehe tatu, na wajomba wanaijua thamani ya sherehe.

Sheria imelijibu swali la ardhi kwa uwazi. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Rono dhidi ya Rono, kutoka Bonde la Ufa. Marehemu aliacha wake wawili na watoto tisa, wavulana watatu na wasichana sita. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wasichana sehemu ndogo kuliko kaka zao, kwa hoja ambayo kila mtoto wa kike wa Kenya ameisikia: wao wataolewa, watapata huko. Majaji wa rufani waliikataa hoja hiyo. Walisema sheria ya urithi haimbagui mtoto kwa jinsia, wala uwezekano wa kuolewa siku moja haumpunguzii mtu haki yake. Katiba ya 2010 ikaja kukaza msumari katika kifungu cha 27, kinachokataza ubaguzi kwa msingi wa jinsia na pia kwa msingi wa hali ya ndoa.

Lakini kaka anayelima shamba hilo hajasoma hukumu, au ameisoma na anajua kwamba dada yake aliye Nairobi hatamshtaki. Kesi huchukua miaka, na kumpeleka ndugu mahakamani ni kujifungia mlango wa Krismasi zote zilizobaki. Wengi hunyamaza na kuendelea kutuma pesa za mbolea.

Ziko njia za katikati. Maarufu zaidi mtaani ni kamwestei, ambayo magazeti ya Kiswahili huiita njoo-tuishi: wawili wanahamia chumba kimoja, wanagawana kodi, na mazungumzo ya mahari yanaahirishwa mpaka mambo yakae sawa. Mambo huchukua muda kukaa sawa. Sheria ya Ndoa ya 2014 ilijaribu kurahisisha, ikasema kwamba palipo na ulazima wa mahari kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Wazee wa ukoo, kwa kadiri inavyoonekana, hawakuombwa maoni.

Wanawake wengi wa mitaa hii waliamini kwamba wakikaa na mwanamume muda mrefu, sheria itawahesabu kuwa wake. Tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliwazindua. Kesi yenyewe, iliyoandikwa kwa herufi tu, MNK dhidi ya POM, ilihusu mali iliyoko Dagoretti, eneo lilelile lenye Kawangware ndani yake. Mwanamume na mwanamke waliishi pamoja miaka mingi, wakapata ploti na kujenga vyumba vya kupangisha, kisha wakakosana. Aliyedai kwamba kulikuwa na ndoa alikuwa mwanamume. Mwanamke alisema hapakuwa na ndoa yoyote kati yao. Majaji walikubaliana na mwanamke, ila wakaona kwamba wote wawili walichangia, wakampa yeye asilimia 70 ya mali na mwanamume asilimia 30. Na walisema jambo ambalo lilistahili kusomwa kwenye mikutano ya harusi: kwamba siku hizi watu wazima wawili wanaweza kuishi pamoja bila nia ya kuoana, na kwamba hiyo ni haki yao. Dhana ya kuwahesabu watu kuwa wameoana kwa kukaa pamoja, mahakama ikaiona kama kitu kinachokata roho.

Uamuzi huo unakata pande mbili. Unamlinda mwanamke mwenye vyumba vyake asipokonywe kwa jina la mume ambaye hakumwoa. Unamwacha pia bila kitu yule aliyekaa miaka kumi akipika na kulea, akiamini ameolewa, bila cheti na bila risiti ya saruji. Ni heri shangazi angejua hilo kabla ya kusema, "Hata kamwestei ni mwanzo."

Kuna hofu nyingine, na hii haisemwi mbele ya wazee kabisa. Takwimu za 2022 zilionyesha kwamba wanawake 34 katika kila 100, wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamewahi kupigwa tangu watimize miaka 15, na kipigo kiliwapata zaidi walioolewa au waliowahi kuolewa kuliko wale ambao hawajawahi. Oktoba 2021 nchi ilimzika Agnes Tirop, mwanariadha wa miaka 25, aliyekutwa ameuawa kwa kudungwa kisu nyumbani kwake Iten mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake pekee. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo. Tirop alikuwa na kazi, pesa, jina na ndoa. Januari 2024 maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine dhidi ya mauaji ya wanawake. Chumba cha mabati hakina siri. Anayeishi peke yake Kibera husikia usiku ndoa za majirani pande zote nne, na baadhi ya anayoyasikia hayamtii hamu.

Je, anayechagua kukaa peke yake anaachwa kwa amani? Haachwi. Keyateka wa ploti huhesabu wageni wake. Wake za majirani huacha kumwomba chumvi usiku. Vyama vingine vya akina mama makanisani hutaka cheti cha ndoa ya kanisa, na kundi la vijana lina watoto wa miaka kumi na tisa, kwa hiyo mwenye miaka 36 hujikuta akiimba kwaya kwa sababu kwaya haiulizi. Mitandaoni limevuma neno msimbe, linalorushwa kama jiwe kwa mama asiye na mume, na hasa akiwa na kazi nzuri, maana hapo husemwa kwamba pesa zimempanda kichwani.

Hakuna aliyelijua jiwe hilo kuliko Wangari Maathai. Alipata shahada ya uzamifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, na ndoa yake ikavunjwa mahakamani 1979. Alipomwambia mwandishi wa jarida kwamba jaji wa kesi yake ama hakujua kazi ama alikula rushwa, alipelekwa jela kwa kuidharau mahakama. Mume alipotaka aache kutumia jina lake, Mathai, aliongeza herufi moja ya "a" likawa lake. Miaka kumi baadaye, 1989, alipopinga jengo refu kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru, wabunge hawakujisumbua kujibu hoja zake za miti na nafasi ya wazi. Waliliita kundi lake genge la watalaka. Jengo halikujengwa. Tuzo ya Nobel ya Amani ilikuja 2004.

Na kaburi? Maathai alifariki Septemba 2011. Alikuwa ameagiza asizikwe kwenye jeneza la mbao. Alipewa mazishi ya kitaifa katika bustani ileile ya Uhuru, mwili ukachomwa Kariokor, na majivu yakawekwa katika taasisi yenye jina lake ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuhitaji ua wa mtu. Ni kweli kwamba wachache wana Nobel ya kuwasaidia kushinda ubishi wa wazee.

Wanaume wa rika la wasichana hawa nao hawalali. Kijana wa Laini Saba anayepata vibarua vya siku tatu kwa wiki anaulizwa na mama yake mke yuko wapi, na akihesabu mahari, kodi na karo huona afadhali azime simu. Akikutana na mwanamke anayepata mara tatu ya kipato chake, moyo wake unaweza kukubali na kiburi kikakataa. Hilo ni somo la makala nyingine.

Wanawake wenyewe wamepata jibu linalofanana na lile la Pangani ya zamani: udongo. Katika chama cha wanawake kumi na wawili, cha kukutana Jumapili baada ya kanisa, pesa za mzunguko zilizokuwa zikinunua sufuria na pazia siku hizi hununua ploti. Hamsini kwa mia, ndivyo inavyoitwa, futi hamsini kwa mia moja, huko Joska, Kamulu au Kitengela, mahali ambapo leo pana upepo na fensi tu. Hati huandikwa jina la mtu mmoja. Wakiulizwa kwa utani kama ni pa kujenga au pa kuzikwa, hucheka, lakini makaburi ya umma ya Lang'ata, yaliyo jirani na Kibera, yalitangazwa kujaa tangu 1996, na baadhi yao wameshalifikiria jibu.

Kisha mama huugua. Presha, au miguu, au sukari. Hospitali ya kaunti imemwandikia barua, na mtoto anayeweza kumpokea Nairobi ni mmoja, yule asiye na mume wa kuombwa ruhusa wala mkwe wa kukunja uso. Mama anafika Kawangware na mfuko wa mihogo na kuku aliyefungwa miguu. Analala kitandani, binti anatandika godoro sakafuni kati ya jiko la gesi na mlango. Kwa wiki tatu mama anaona maisha ambayo aliyajua kwa simu tu: binti anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi maji, anarudi usiku na vidonge, anapiga hesabu za chama kwenye daftari la shule. Usiku mmoja, ng'ambo ya ukuta wa bati, jirani anapigwa. Mama anaketi kitandani gizani. Binti anagonga ukuta kwa mwiko, mara tatu, kama anavyofanya siku zote, na kelele zinapungua.

"Ni mume wake?" mama anauliza.

"Ndiye, mama."

Hawaliongei tena. Siku ya kuondoka, mama anabeba dawa za miezi mitatu na blanketi jipya la nyanya. Waya alikuwa amemtuma na ujumbe: kuna mwalimu mkuu mmoja, mjane, ana shamba na gari, ampelekee binti namba. Karatasi yenye namba imo kwenye leso, imefungwa fundo, imekaa humo wiki zote tatu. Basi linaondoka nayo. Waya akimwuliza, mama husema kwamba binti alikuwa na kazi nyingi, hawakupata nafasi ya kuzungumza vizuri.